Safari ya Sokwe Niliyofichwa

"Bi Kimya akijua tunaondoka kesho, tumekwisha."

Bi Kimya ni mimi.

Nilikuwa saluni, kichwa ndani ya draya, taulo limenishuka hadi puani. Na aliyesema maneno hayo alikuwa Machachari... rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza chuoni.

Mnajua watu wanavyokuchukulia ukiwa ndani ya draya? Kama kabati. Wanasengenya mbele yako bila wasiwasi, wakijua mashine inakungurumia masikioni. Kumbe iliyokuwa ikinguruma ni ya jirani yangu. Yangu msusi alikuwa ameshaizima.

"Si ulimwambia gari limeharibika?" Huyo ni Nesi, rafiki yetu wa tatu.

"Nilimwambia. Akanijibu, pole sana. Nikajiona kama nimempokonya mtoto uji."

"Bora alie nyumbani kuliko atuzimikie msituni."

Jamani... nizimike?

Niwarudishe nyuma kidogo. Jumatano mvua ilitukwamisha kwenye duka la Machachari, anapotoa fotokopi. Nesi akatuonyesha video ya sokwe akipasua kokwa ngumu kwa jiwe, taratibu kama fundi saa. Tukacheka. Kisha mtu akasema, "Twendeni tukawaone. Jumapili hii hii."

Mtu huyo alikuwa mimi.

Mimi, mwalimu wa chekechea, ambaye nikitaka kuuliza bei dukani nafanya kwanza mazoezi moyoni. Wenzangu walinitazama kana kwamba kiti kimeongea. Kabla mvua haijakatika tulishapanga kila kitu: gari la Machachari, kambi kando ya msitu, Nesi aje na dawa ya mbu. Sijawahi kulala popote bila dada yangu. Kile kilikuwa kitu cha kwanza maishani nilichokitaka mwenyewe, tena kwa sauti.

Ijumaa ukaja ujumbe. Gari limeharibika, safari hakuna.

Na sasa haya.

Nikavuta taulo.

"Machachari."

Akageuka. Mdomo ukabaki wazi. "Wewe... umo humo tangu lini?"

"Tangu nilipozimika."

Msusi akacheka peke yake, akaona hana mwenzake, akanyamaza.

"Niambieni. Nimewakosea nini?"

Nesi akanishika mkono. "Hujatukosea, mpenzi. Dada yako alikuja kazini kwangu. Alilia mbele ya wagonjwa. Akasema una ugonjwa wa moyo na hutaki watu wajue... ukishtuka kidogo tu, umekwenda."

"Wewe si ndiye nesi? Umewahi kuniona hata nikihema?"

"Dada mtu analia, nimwombe vipimo?"

Nikatoka saluni na nywele nusu.

Nyumbani nilimkuta dada akipiga pasi. Dada huyu ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Nguo zangu bado anazinyoosha yeye, na mimi ni mtu mzima mwenye mshahara wake.

"Dada, naumwa nini?"

Pasi ikasimama juu ya kola.

"Nani kakwambia unaumwa?"

"Wewe. Umewaambia rafiki zangu."

Kola ikaanza kunuka, akainua pasi.

"Nilikubeba mgongoni nami bado mtoto. Leo nikuachie uende kwa nyani?"

"Sokwe, dada."

"Wote wana meno."

"Ndiyo ukawaambia watu nakufa?"

"Ni uongo wa mapenzi."

"Basi nami nitaondoka kwa mapenzi. Alfajiri."

"Huendi. Mimi ndiye mama yako."

Sikupandisha sauti. Sauti yangu haijui kupanda. "Nitakwenda, dada."

Nikampigia Machachari, nikamwambia moyo wangu ni mzima kuliko gari lake, na kesho wanipitie.

Alfajiri honi ikalia. Kitanda cha dada kilikuwa kitupu. Nikajua amenuna, ameondoka ili asiniage.

Nikafungua mlango wa gari...

Dada alikuwa amekaa kiti cha mbele. Kilemba kichwani, sufuria mapajani, mkanda ameshafunga.

"Ingia, unatuchelewesha. Mtu wa kukuangalia lazima awepo."

Machachari alikuwa anauchunguza usukani kama kitu kigeni. Nesi aliangalia nje.

Wasomaji wangu, ilikuwa rahisi sana kuingia. Nafasi ilikuwepo. Dada angenimenyea matunda njia nzima. Mtu akiniuliza jina, angenijibia. Na mimi ningewatazama sokwe nikiwa nyuma ya mgongo wake, kama nilivyotazama kila kitu tangu nizaliwe.

"Dada, shuka."

"Unasemaje?"

"Nakupenda. Shuka kwenye gari."

Nikaushika mlango, sikuufunga. Nilisimama pale.

Akafungua mkanda. Akashuka. Sufuria akaiacha kitini, akaingia ndani bila kugeuka.

Sokwe tuliwaona. Dume moja lilitujia mbio likivunja matawi, likapiga shina la mti hadi kifua changu kikaitika. Machachari akajificha nyuma yangu. Nesi akajificha nyuma ya Machachari. Mwongoza watalii alikuwa ametuonya tusikimbie, basi mimi sikukimbia. Nilisimama kimya. Hilo nalijua vizuri.

Tuliporudi kambini simu ikaita.

"Umekula?" Dada.

"Nimekula. Na wewe?"

Nikamsikia akivuta kiti.

"Nimekaa tu. Sikujua nyumba hii ni kubwa hivi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe aliyekuwa haogopi pori ni mimi, na aliyekuwa akiogopa kubaki peke yake ni yeye. Miaka yote ule woga wake ameuvisha jina langu.

Nililia, sitawaficha. Lakini sikupanda gari kurudi. Nilimwambia, "Pika unachokipenda wewe, dada. Mimi narudi tukishamaliza." Na kesho yake niliingia tena msituni.

Ndugu zangu wapole, wenye sauti ndogo, sikilizeni. Anayekupenda anaweza kukuchimbia shimo akidhani anakujengea ukuta. Usimchukie. Usimtukane. Ila kiti cha mbele cha maisha yako usimwachie, hata akiwa ameshafunga mkanda.