Hirizi Iliyosikia Uongo wa Mjomba

Mwanamume mwenye kofia ya manyoya alikuwa bado anatabasamu hirizi ilipomnong'oneza Mwantumu sikioni: "Huyu anadanganya."

Walikuwa sokoni Ulaanbaatar, asubuhi ya baridi ya kukata masikio. Mwanamume yule alitaka kumbadilishia fedha kwa bei nzuri mno, bei ambayo hata ndugu yako wa tumbo moja hawezi kukupa. Mwantumu alimshukuru kwa heshima, akampa mgongo, akaenda zake akicheka peke yake. Hakuwa anacheka kwa sababu amenusurika tu. Sikio lile lililomnasa tapeli alilitengeneza yeye.

Jina rasmi la chombo kile lilikuwa Kilinda-Msafiri, lakini Dar es Salaam nzima ilikiita hirizi, kwa kuwa kilivaliwa juu ya kiwiko kama hirizi za mababu, na kilisifiwa kwa mambo yale yale. Ndani ya kijifuko kile kisichozidi ukubwa wa tende mlikuwa na pasipoti, fedha, tiketi, cheti cha afya na kumbukumbu ya kila chanjo aliyochanjwa mtu tangu azaliwe. Kilipima joto la mwili na mapigo ya moyo. Kilionya juu ya maji yasiyochemshwa na nyama iliyolala. Kilitafsiri lugha za watu. Zamani vijana waliotembea nchi za mbali na shanta mgongoni walificha pasipoti ndani ya soksi na kushonea noti kwenye pindo la suruali, na bado wakaibiwa. Siku hizi walikwenda mikono mitupu, wakala, wakalala, wakavuka mipaka kwa kuinua mkono tu.

Kampuni iliyokibuni ilimwajiri Mwantumu kwa kazi moja: kuifundisha hirizi kutambua sauti ya mtu mwongo. Aliifanya kazi hiyo kwa uchungu. Mwaka mmoja kabla ya kuajiriwa, mama yake, Bi Mwajabu, alipigiwa simu nyumbani Muheza na mtu aliyejitia daktari. Akaambiwa binti yake amepata ajali, atume fedha haraka. Bi Mwajabu alituma kila alichokuwa nacho, fedha za upatu wa watu zikiwemo, kisha akaugua kwa aibu kuliko hasara. Mwantumu akaapa kwamba matapeli wa namna ile atawakomesha. Na kweli aliwakomesha. Sasa alikuwa amechukua likizo na kufunga shanta ili akijaribu chombo chake kwa miguu yake mwenyewe, mji baada ya mji.

Alasiri ile alifika stesheni ya mikuki. Mikuki ni ndege zile nyembamba zinazopanda hadi ukingoni mwa anga na kushuka upande wa pili wa dunia kabla chai haijapoa kwenye chupa. Yeye alikuwa na tiketi ya kwenda Samarkandi. Mlango wa kwanza ulisoma cheti chake cha afya ukamwingiza ukumbini. Mlango wa pili, wa kuendea mikuki, ulikuwa bado haujafunguliwa. Aliketi kwenye benchi, karibu na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza chai kwenye birika kubwa, na hapo simu ikaita ndani ya sikio lake.

Alikuwa mjomba Mhina, kaka wa mama yake.

"Mwantumu, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi saa hizi?"

"Niko mbali, mjomba. Kuna nini?"

"Hapana, hakuna kitu kikubwa. Mama yako hajisikii vizuri kidogo. Tumempeleka hospitali. Sasa tunaona ni vizuri ukaja."

"Nipe niongee naye."

"Amelala. Daktari amesema asisumbuliwe. Wewe njoo tu. Ukipata usafiri wa sasa hivi utatukuta kabla ya magharibi."

Nyuma ya sauti ya mjomba, Mwantumu alisikia sufuria ikiburuzwa sakafuni, sufuria kubwa, zile za shughuli. Alisikia wanawake wengi wakiongea kwa sauti ya chini. Hospitali gani hiyo yenye sufuria? Alijua, na wakati huo huo akakataa kujua, maana mjomba alikuwa amemwachia upenyo wa kukataa.

Simu ikakatika, na hirizi ikazungumza, kwa sauti ile nzuri ya dada mpole waliyoichagua kwenye mkutano wa kampuni.

"Mwantumu, sauti ya aliyepiga ina dalili za uongo. Amekuhimiza ufanye haraka. Moyo wako unakwenda mbio. Nimefunga fedha, pasipoti, tiketi na cheti cha afya kwa usalama wako. Tafadhali tulia."

Mwantumu alisimama. Ubaoni palionyesha kuwa mkuki wa Dar es Salaam utaondoka jua likizama, na wa kesho haukuwepo. Alikimbilia mlango wa pili, ambao sasa ulikuwa umefunguliwa kwa wengine wote. Alipoufikia yeye ukajifunga. Akarudi mlango wa kwanza ili atoke aende mjini, atafute ubalozi, atafute mtu. Nao haukumtambua: hakuwa na cheti cha afya. Nje ya kioo theluji ilikuwa inashuka, na watu walipita wamejifunika hadi puani. Hana mbele, hana nyuma. Alijaribu kumwita askari wa mlangoni, lakini tafsiri nayo ilikuwa imefungwa, na askari akamtazama kwa huruma kama mtu anayemtazama bubu.

Kitu pekee ambacho hirizi haifungi ni simu. Akampigia Kitogo, fundi wa zamu kwenye kampuni yao.

"Kitogo, nifungulie. Nakuomba. Nadhani mama amefariki."

"Pole sana, dada Mwantumu. Laiti ningeweza. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyekataa nyumba hii isiwekewe mlango wa uani."

Ilikuwa kweli. Wenzake walitaka pawe na njia ya kufungua hirizi kwa maombi ya mwenyewe, naye akasimama akawapinga. Mtu aliyeshikiwa kisu naye huomba huku analia, aliwaambia, na mama aliyerubuniwa huomba kuliko wote. Basi wakaweka njia mbili tu. Ama zipite siku tatu, au aliyepiga simu aseme tena jambo lake, na hirizi isikie kwamba safari hii sauti imenyooka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Mwantumu alikuwa chini kabisa, anatazama juu.

Siku tatu! Watu wa kwao hawamlazi maiti siku tatu. Mama angeswaliwa na kuzikwa jioni ile ile, na yeye angekuwa kwenye benchi, fedha zake salama, pasipoti yake salama, afya yake salama.

Alijaribu kutulia. Akafumba macho, akavuta pumzi, akajiambia kwamba pengine mama kweli amelala. Haikusaidia, hirizi haikutaka utulivu wake, ilitaka ukweli wa mjomba. Na ndipo alipoona kosa ambalo miaka yote ya maabara haikumwonyesha. Mwizi anapokudanganya sauti yake hutetemeka, huficha jambo, hukuhimiza uwahi. Mjomba anayekuficha msiba naye sauti hutetemeka, huficha jambo, hukuhimiza uwahi. Kwa sikio la chombo, hao ni mtu mmoja. Sauti alizoifundishia hirizi zilikuwa za matapeli na za wasema kweli, maelfu kwa maelfu. Hakuweka hata moja ya mtu anayedanganya kwa huruma. Na yeye ni mtoto wa Muheza! Babu yake alipokufa, yeye yuko shule ya bweni, si aliambiwa babu anaumwa mguu?

Akampigia mjomba.

"Umeshapata usafiri?" mjomba akauliza upesi.

"Mjomba, sikiliza. Nimefungiwa. Chombo changu kinasema umenidanganya. Hakitanifungulia mpaka uniambie jambo lenyewe, kwa maneno yake."

"Jambo gani, mwanangu? Si nimekwambia? Mama hajisikii vizuri."

"Uongo," ikanong'ona hirizi.

"Mjomba, nakuomba."

"Mambo mengine hayasemwi kwenye simu," mjomba akasema, sasa sauti imekwaruza. "Wewe njoo. Ukifika tutaongea, tumekaa."

"Siwezi kuja! Usiponiambia, mtafanya mambo yote bila mimi. Ndivyo unavyotaka?"

Mwantumu alisikia mlango ukifungwa, na zile sauti za wanawake zikapotea. Mzee yule alikuwa amekwenda kujifungia mahali.

"Upo na nani hapo?" akauliza.

"Niko peke yangu."

"Basi siwezi, Mwantumu. Siwezi kumwambia mtoto wa dada yangu jambo hili naye yuko peke yake ugenini. Nani atakudaka?"

Hapo Mwantumu akaanza kulia. Nje theluji ilikuwa imekatika, na jua limeshuka hadi kwenye mapaa. Alitazama huku na huku, na macho yake yakakutana na ya yule mama wa chai, ambaye kumbe alikuwa akimwangalia tangu mwanzo. Yule mama aliacha birika lake, akaja na kikombe, akamwekea mikononi. Hirizi ikaonya kwamba maji hayo hayajathibitishwa. Mwantumu akanywa. Ilikuwa chai ya maziwa iliyotiwa chumvi, na ilikuwa ya moto. Akamshika yule mama mkono, akamvuta aketi.

"Kuna mtu, mjomba. Kuna mama mtu mzima hapa. Amenishika."

"Amekushika sawasawa?"

"Sawasawa."

Mjomba akavuta pumzi. Mwantumu alitamani kumwambia aache. Kwa dakika hii moja ya mwisho mama yake alikuwa bado hospitali, amelala, daktari amesema asisumbuliwe.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," mjomba akasema. "Mama yako ametutoka, mwanangu. Alfajiri, baada ya kuswali. Nisamehe."

"Ukweli umethibitishwa," ikasema hirizi kwa uchangamfu. "Nimekufungulia kila kitu. Safari njema, Mwantumu!"

Milango yote miwili ikafunguka kwa pamoja, na Mwantumu hakuweza kusimama. Alimlilia yule mama asiyemjua begani, kwenye koti lililonuka moshi na maziwa, akilia kwa lugha ambayo mwenzake hakuielewa hata neno. Yule mama hakumnyamazisha. Alimwacha kidogo, kisha akamwinua, akamtundikia shanta mgongoni, akamsukuma taratibu kuelekea kwenye mkuki wa Dar es Salaam, akisema jambo.

"Anasema, nenda, utalilia kwenu," hirizi ikatafsiri. "Sauti yake ni ya kweli."

Mlangoni alibadilisha tiketi yake ya Samarkandi kwa kuinua mkono. Humo ndani ya mkuki alikaa kati ya wafanyabiashara wawili waliokuwa wanasinzia, bila mtu wa kumwambia pole. Hapo akaelewa kwa nini watu wa kwao huficha. Uongo ule ni wa njiani. Unapewa ukushikilie mpaka ufike penye mikono ya watu, na huko ndiko unapovuliwa. Yeye alivuliwa wake kungali mchana, nchi ya watu, akasafiri utupu.

Aliwahi. Jeneza lilikuwa bado halijatoka alipoteremka garini mbele ya nyumba yao Muheza, na watu walijaa mpaka barabarani. Mjomba Mhina alikuwa kati ya wanaume chini ya turubai. Alipomwona aliinama, asiweze kumtazama usoni.

Mlangoni alipokelewa na Bi Mwanjaa, jirani yao, bibi mzee ambaye hakuna aliyemweleza habari za simu. Alimshika Mwantumu mikono yote miwili.

"Umefika, mwanangu. Pole na safari. Mama yako yumo ndani, amepumzika kidogo tu. Ingia polepole, usije ukamwamsha."

"Sauti hii ina dalili za uongo," ikanong'ona hirizi. "Nifunge?"

Mwantumu akaivua mkononi, akaitia ndani ya shanta, akalitua shanta chini.

"Ahsante, bibi," akasema. "Basi nipeleke nikamwone."