Ndoo ya Mama Cherehani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Nadhifu huwa amekwisha kufua soksi zake, kusugua viatu vyake na kuosha kikombe chake mara mbili. “Mara ya kwanza kwa sababu kimetumika,” mama yake hupenda kusema, “na mara ya pili kwa sababu mdogo wake amekitazama.” Ulikuwa utani, lakini haukuwa mbali na ukweli. Hata hilo jina la Nadhifu alibandikwa nyumbani kwa mambo hayo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na unywele mmoja ukionekana kwenye mboga, siku hiyo hali tena.

Jumamosi moja alimaliza kazi zake mapema akaenda kanisani, ambako kikundi cha vijana hukutana. Mwalimu wao wa vijana alikuwa mtu mchangamfu, mwenye sauti nzuri ya kuimba na simu isiyotoka mkononi.

“Leo hatukai ndani kukariri mistari,” alisema. “Leo tunakwenda kuwahudumia wenye shida. Tunaanza na Mama Cherehani.”

Hakuna asiyemjua. Mama Cherehani ndiye aliyeshona majoho yote ya kwaya. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na tangu aanze kuugua mguu hakuonekana tena kanisani. Vijana wakabeba unga, sukari na miche ya sabuni, wakaenda huku wakiimba.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Kabla hawajafika mlangoni, wimbo ulianza kufa wenyewe. Mmoja alikohoa, mwingine akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Harufu iliwapokea kabla ya mwenyeji: harufu nzito, tamu kama tunda lililooza, yenye ukali wa mkojo uliolala.

“Hodi!” mwalimu aliita, kiganja kikiwa puani.

“Karibuni,” sauti ilijibu kutoka ndani. “Karibuni wanangu, piteni.”

Chumba kilikuwa na giza. Mama Cherehani alikuwa amelala juu ya godoro lililobonyea katikati, mguu wake wa kushoto umefungwa kitambaa ambacho zamani huenda kilikuwa cheupe. Sasa kilikuwa cha kahawia, kimelowa, na nzi wamekifanya kijiwe chao. Wakifukuzwa wanaruka kidogo, wanarudi palepale. Chini ya kitanda palikuwa na ndoo iliyofunikwa kwa sinia.

Mwalimu alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali. Kisha akatoa simu. “Tupige picha, washirika waone kazi ya vijana wao. Nadhifu, wewe una gauni zuri, simama hapo kwa mama, mpe sabuni. Sogea. Sogea bado!”

Nadhifu alisogea. Aliziba pumzi mpaka masikio yakavuma. Akanyoosha mkono wenye sabuni, na Mama Cherehani akauinua wake kupokea. Wakati huohuo goti la Nadhifu liligonga sinia chini ya kitanda. Sinia likateleza. Pumzi aliyoiziba ikamtoka, akavuta nyingine, na kile alichokivuta hakikuwa hewa.

Alitapika palepale, juu ya mkeka. Na kabla hajajizuia, ulimi wake ulikwisha kusema: “Kunanuka kama mzoga!”

 

Mama Cherehani alirudisha mkono wake chini ya shuka, polepole. “Nendeni,” alisema. “Na sabuni yenu nendeni nayo.”

Walitoka wakikanyagana. Njiani mwalimu aliwapoza: “Wazee wagonjwa huwa na hasira. Sisi tumetimiza wajibu wetu.” Kijana mmoja aliyeitwa Kidevu akaanza kumwigiza Nadhifu akitapika, wenzake wakacheka. Nadhifu hakucheka. Mdomoni mwake mlikuwa na uchungu, na maneno yake mwenyewe yalinuka kuliko chumba alimotoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema watu. Wageni hawa walikuwa wamemwacha mwenyeji hoi.

Nyumbani alimkuta shangazi yake, muuguzi wa zahanati, akipumzika na kikombe cha chai baada ya zamu. Nadhifu alisugua mikono mpaka ikawa myekundu, kisha akamweleza yote, akilia kwa hasira: godoro, nzi, kitambaa, ndoo.

 Shangazi akauliza jambo moja tu: “Na matapishi yako, nani kayafuta?”

“Tumeyaacha palepale,” Nadhifu alisema.

“Mmetoka wazima wa afya, mmemwachia mtu asiyeweza kusimama uchafu wenu juu ya uchafu wake?” Shangazi alisimama, chai ikabaki. “Hebu niletee mkoba wangu wa kazi. Kachukue na ndoo, dawa ya kuua vijidudu na matambara. Twende.”

“Shangazi, mimi siwezi. Nitatapika tena.”

“Basi utatapika nje, halafu utarudi ndani. Sijakwambia usione kinyaa. Nimekwambia twende.”

Walipofika hawakupata jibu la hodi. Wakasukuma mlango. Mama Cherehani alikuwa ameketi sakafuni kando ya mkeka, mguu mbovu ameunyoosha mbele, tambara mkononi. Alikuwa ameteremka kitandani mwenyewe ili afute matapishi ya Nadhifu, na alikuwa ameshindwa kurudi juu. Jasho lilimchuruzika.

“Umerudi kuongeza?” alimwuliza Nadhifu.

Nadhifu alipiga magoti. Hakuwa na hotuba. “Shikamoo, bibi. Nimekosa. Nimekuja kufuta.”

Mama Cherehani hakuitikia salamu upesi. Alimtazama kwanza. “Marahaba,” alisema mwishowe. “Lakini nikwambie kitu, mjukuu wangu. Unadhani mimi sinusi? Mguu ndio ulioharibika. Pua yangu nzima. Ninyi mmekaa na harufu hii kwa sala moja, mimi nalala nayo na kuamka nayo.”

Shangazi alimwinua, akamketisha kwenye kiti, akavaa glavu na kuanza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza asubuhi. Hapo ndipo jambo lilipojulikana. Choo kilikuwa nyuma ya ua, na Mama Cherehani hakuweza tena kukifikia. Binti wa jirani aliyekuwa akimwaga ndoo alikuwa amehama na wazazi wake. Kumwomba mtu mwingine aliona haya.

“Kwa hiyo nakula kidogo sana,” alisema, macho yakiwa ukutani. “Siku nyingine sili. Nikila, ndoo inajaa.”

Nadhifu aliutazama unga na sukari walivyoviacha mezani. Vilikuwa havijaguswa. Walimletea chakula mtu anayeogopa kula! Kinyaa kilimpanda upya, lakini safari hii hakikutoka kitandani wala kwenye ndoo. Alijichukia, akaichukia ile picha iliyopigwa.

Alivaa glavu alizopewa, akafunga kitambaa puani, akaivuta ndoo kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa nzito, nayo ilichezacheza kwa kila hatua. Tone moja likamwangukia mguuni, mwili wake wote ukasisimka kama aliyetambaliwa na jongoo. Alipofika uani aliiweka chini, akatapika kando ya ukuta, akajifuta, akaibeba tena. Akaimwaga chooni, akaisugua kwa dawa na kuisuuza mpaka maji yakatoka meupe.

Aliporudi, shangazi alikuwa amefungua kitambaa cha mguu. Ndani ya kidonda kulikuwa na kitu kinachosogea: funza weupe, wanono, wakijipenyeza nyamani. Nadhifu aligeuza uso.

“Nishikie taa,” shangazi alisema. “Ukishindwa kutazama kidonda, mtazame mwenye kidonda.”

Nadhifu akamtazama Mama Cherehani usoni. Mzee huyo alikuwa ameuma kanga yake asipige kelele. Nadhifu akampa mkono wa pili aushike, naye akaubana mpaka vidole vikafa ganzi.

Jioni ileile mwenye mashine ya kusaga alitoa mkokoteni wake, wakampeleka zahanati. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, mguu ungekatwa.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, shangazi alimwendea mwalimu wa vijana, wakazungumza kando. Nadhifu hakusikia maneno, ila aliona simu ikirudi mfukoni na kichwa kikiinama. Mama Cherehani aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mwalimu ndiye aliyetangulia na jembe kuchimba choo karibu na mlango wake, na vijana wakagawana zamu za kusafisha, kupika na kufua. Kidevu, yule mwigizaji, zamu yake ya kwanza alikimbilia uani mara mbili. Hakuna aliyemwigiza.

“Shangazi,” Nadhifu aliuliza siku moja wakinawa mikono uani kwa Mama Cherehani, “kinyaa huisha lini?”

“Kwangu hakijaisha. Mungu ametupa kinyaa ili tujikinge na maradhi, ndiyo maana tunavaa glavu na kunawa. Lakini kinyaa ni cha uchafu, mwanangu, si cha mtu. Ukitaka kumsaidia mtu, kwanza muulize anachohitaji. Na ukikuta anachohitaji ni ndoo yake imwagwe, basi ndoo hiyo ndiyo sadaka yako.”

Mama Cherehani, aliyekuwa akiota jua mlangoni na sahani tupu mapajani, aliwasikia.

“Nadhifu! Wewe husemi uongo. Njoo uninuse. Leo vipi?”

Nadhifu alikwenda, akainama, akanusa kwa makini.

“Dawa, bibi,” alisema. “Na kikwapa kidogo.”

Mama Cherehani alicheka mpaka sahani ikaanguka. “Basi weka maji jikoni,” alisema, “nikaoge.”