Watoto Watatu wa Daftarini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilimsindikiza Mama hospitalini. Alivaa aproni, akajaza ndoo, akaanza kupiga deki nje ya wodi ya wazazi. Akisikia mtu analia kwa uchungu ndani, alisimama kidogo, kisha akaninong'oneza, "Huyu bado saa moja." Hakukosea hata siku moja. Kwetu, ng'ambo ya mpaka, alikuwa mkunga miaka kumi na miwili. Huku cheti chake hakikutambuliwa, akapewa ufagio.

Mwaka huo Baraza la Wakunga lilikubali kupokea maombi yake. Lilitaka daftari la mafunzo lenye watoto arobaini aliowapokea mbele ya msimamizi. La Mama, la tangu akiwa chuoni, lilikuwa na thelathini na saba, kila mmoja na tarehe na sahihi.

"Nimewaandikia barua ya kuwaeleza," alisema. "Wakikataa, basi."

Hilo "basi" lilinichoma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kimbelembele cha watu wazima watatu. Mama alipotoka, nilichukua kalamu ya bluu nikaongeza watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Sahihi niliiiga mpaka nikajisifu. Barua nikaitoa kwenye bahasha ya maombi, nikaificha kwenye mkoba wangu wa shule. Mama akafunga bahasha bila kulifungua tena daftari.

Baada ya wiki sita tuliitwa. Afisa wa Baraza, mama mmoja mwenye miwani, alituonyesha ukurasa wa mwisho.

"Dada, huyu alizaliwa tarehe thelathini na moja Juni. Huko kwenu Juni ina siku ngapi?"

Mama alitazama. Kisha akanigeukia.

"Ni mimi," nilisema huku nikilia. "Mama hajui lolote." Nikaitoa barua mkobani, imekunjamana.

Afisa aliisoma, akavua miwani.

"Laiti ingefika! Anayepungukiwa na watoto chini ya watano huwa tunampa nafasi hapa hapa, apokee waliobaki mbele ya mkunga wetu. Ni kazi ya wiki mbili tu."

"Basi nipeni hizo wiki mbili," Mama alisihi.

"Nakuamini, dada, wala hatutakushtaki. Ila daftari lililoghushiwa halipokelewi. Msimamizi wako athibitishe upya kurasa zote."

"Alishafariki. Na chuo kilifungwa."

"Basi itakubidi uanze mafunzo upya, mwaka wa kwanza. Pole sana."

Njia nzima Mama hakunigombeza. Afadhali angenichapa. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani, daftari mapajani.

"Hawa thelathini na saba nawakumbuka mmoja mmoja," alisema. "Walipungua, lakini walikuwa wa kweli, na wangetosha. Wewe umewaongezea watatu ambao hawakuzaliwa, sasa wote hawahesabiki. Mwanangu, ukimpenda mtu usimsemee uongo. Siku ukigunduliwa, hata ukweli wake hautaaminiwa."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini kusamehe hakunirudishii daftari."

Kesho yake tulikwenda hospitalini kama kawaida. Mwanamke mmoja alilia ndani ya wodi. Mama akasimama.

"Bado muda gani, Mama?" niliuliza.

Alijua, nilimwona usoni kwamba anajua.

"Sijui," alisema, akachovya tambara ndooni. "Nenda shule, utachelewa."