Jiwe Lililoachwa Bila Mwana

Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu, Mama Phelista wa Bokoli alitoka nje na ungo wake wa wimbi, akakuta jiwe lake la kusagia halipo. Chini ya ghala ilibaki alama ya mviringo tu, udongo ambao haukuwa umeona jua tangu aolewe. Alipiga nduru, majirani wakajaa uani, na kabla chai haijachemka walikuwa wameshampata mwizi wao: Nekesa, mke wa mwanawe Derrick.

Jumatatu kesi ilimfikia Sajini Lorraine Wahu, mpelelezi wa Bungoma. Wahu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake walimtania nao, ugonjwa wa vitu vya kale. Akipata siku ya mapumziko, huyoo, yuko sokoni Kitale akipekua vibuyu, vigoda na taa za chemli za kupambia nyumba. Jumamosi hiyo hiyo, adhuhuri, alikuwa amenunua jiwe la kusagia kwa Muchiri, muuzaji wa vitu vya kale sokoni humo, akaliweka barazani kwake na kukalisha chungu cha maua juu yake. Aliposoma faili, alilikumbuka jiwe la barazani kwake. Kisha akajiambia mawe ni mengi. Isitoshe, Muchiri alisema lile lilitoka Ndalu, kwa marehemu fulani.

Akamwita Nekesa.

"Ulisema utalitupa hilo jiwe?"

"Nilisema. Posho mill iko hapo tu barabarani, na mama anataka nisage na mkono. Nilikuwa nimechoka."

"Umeliuzia nani?"

"Sijauzia mtu, afande."

"Nekesa, umeliuzia nani?"

Nekesa aliulizwa mara ya tatu. Aliomba tu jirani apigiwe simu amchukue mtoto shuleni. Wahu akamlaza seli usiku ule.

Jumanne alikwenda Bokoli. Majirani walikuwa wamepata mshukiwa wa pili, Walubengo, mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita Ijumaa na mkokoteni wake.

"Mimi ni wa chuma, afande," Walubengo alisema. "Jiwe nitauzia nani, bana? Hata mizani yangu itakataa."

Hilo lilikuwa na mantiki. Wahu akainama chini ya ghala, akaokota kipande cha ubao kilichopasuka mtu alipokitumia kung'oa jiwe. Kilikuwa na misumari miwili midogo na madoa mekundu. Upande wa pili wa ua Derrick alikuwa ameketi juu ya kreti ya mbao, akiosha magurudumu ya pikapu ambayo aliiendesha kila wiki kupeleka nyanya Kitale.

"Mimi sijui mambo ya unga," alisema bila kuulizwa.

Mama Phelista akatoka ndani na jiwe dogo la kushikwa mkononi. "Huyu ndiye mwana wake, mimi hulala naye ndani. Mama wamebeba, mwana wameacha."

Wahu alilipokea. Anayetaka kukomesha kusaga angetupa hilo dogo, amalize kazi. Nani ahangaike na kubwa? Ni mtu wa kuliuza tu, tena kwa mtu asiyesaga. Kisha akaona jinsi lilivyolika upande wa kushoto, na Mama Phelista alikuwa akinyoosha mkono wa kushoto kulidai. Jiwe la barazani kwake pia lilikuwa limelika kushoto. Ndiyo sababu alilipenda.

"Niazime hadi kesho, mama," alisema.

Nyumbani aliondoa chungu, akaweka mwana juu ya mama yake. Likateleza na kutulia kwenye mfuo wake. Wahu akaketi sakafuni, aibu imemshika hadi masikioni. Alikuwa amemfungia mtu kwa kosa lililokaa barazani pake. Usiku huohuo akapiga simu Nekesa aachiliwe. Lakini jiwe je? Angeweza kulirudisha, aseme limeokotwa mtaroni.

Jumatano asubuhi alikuwa Kitale.

"Kastoma wangu, si uliniambia mwenyewe?" Muchiri alisema. "Ati jipya hutaki. Unataka lile limelika na mikono ya mama wa watu. Nikatangazia watu wa pikapu. Akalileta kijana wa nyanya, wa Bokoli."

"Uliniambia Ndalu."

"Na hukuuliza mara ya pili."

Saa kumi jioni ua wa Bokoli ulijaa tena. Jiwe lilikuwa katikati. Mama Phelista akaweka mwana, akasukuma kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Wahu akatoa kile kipande cha ubao, akakilinganisha na kreti ya Derrick iliyopungua ubao mmoja. Misumari ikaingia matunduni mwake.

Derrick aliangalia vidole vya miguu yake. "Muchiri alisema kuna mteja. Nikafikiria, jiwe ikienda, vita ya mama na Nekesa itaisha. Halafu mama akasema ni Nekesa. Kila siku nikinyamaza, kusema inakuwa ngumu zaidi."

"Na ukaangalia mke wako akibebwa," mama yake alisema. "Huyo mteja ni nani?"

"Simjui, mama. Muchiri hakutaja jina."

Basi kesi ilikuwa imekamilika. Mwizi amekiri, mali imepatikana, na hakuna mtu uani pale aliyeijua baraza ya Sajini Wahu. Alimwona Nekesa mlangoni, mfuko wa nguo mkononi, tayari kurudi kwao.

"Ni mimi, mama," Wahu alisema. "Ni mimi niliagiza. Nitaandika hivyo kwenye faili."

Mama Phelista alimgeukia. "Ulikuwa unasaga nini nalo?"

"Nimewekea maua."

Mtu mmoja alicheka. Nekesa akaja hadi mbele ya sajini.

"Uliniuliza mara tatu nimeuzia nani," alisema. "Na jiwe iko kwako."

Nekesa akaweka mfuko chini, akachutama, akafuta kwa pindo la leso duara la tope ambalo chungu kiliacha juu ya jiwe. Hakumtazama mumewe. Hakumtazama mama mkwe.

"Shika upande huo, afande," alisema. "Tulirudishe chini ya ghala."

Wahu akakunja mikono ya shati, akashika.