Mlango wa Leimara

Asubuhi Leisavi aliikuta pini imehama.

Jana yake aliichomeka mwenyewe kwenye ramani ya vimbunga iliyobandikwa ukutani jikoni, pale redio iliposema: mraba wa H, mstari wa pili, mbali kabisa huko baharini. Sasa ilikuwa juu ya kisiwa chao, imezama hadi kichwani, na chini yake tope jembamba lilikuwa limechirizika ukutani.

"Mama, umeigusa ramani?"

"Mimi na ramani wapi na wapi?" Leipakoa alikuwa anafunga viberiti na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. "Muulize baba yako. Tangu jana anatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Kaltonga hakutaka kuulizwa. Aliing'oa pini, akaifuta kwenye kaptura yake. "Panya," akasema.

"Panya anayejua kusoma herufi, Baba?"

"Leisavi! Nenda kakate mihogo!"

Redio ikawaka. Kimbunga kilikuwa kimegeuka usiku, kinakuja kwao, na tahadhari ilikuwa imepanda kutoka njano hadi bluu, imebaki nyekundu tu.

Leisavi alichukua panga akaenda. Alifyeka vichwa vya mihogo ili upepo usipate cha kushika. Lakini kila alipoinama alisikia harufu kali ya shelisheli lililochachuka, lile ambalo watu hulifukia shimoni wapate cha kula kimbunga kikishamaliza mashamba. Shimo la shamba lile lilikuwa tupu. Lilikuwa tupu tangu miaka mitatu iliyopita, walipomtoa Mama Mkubwa humo.

Mama Mkubwa Leimara alikuwa mjane wa kaka yake Kaltonga. Shamba lilikuwa lake. Mumewe alipokufa, Kaltonga alianza kuusogeza mpaka hatua moja moja kila msimu wa viazi vikuu, na Leimara hakuwa mtu wa kunyamaza. Alimsema hadharani, mbele ya kanisa, watu wakacheka. Kisha kikaja kile kimbunga kikubwa. Mabati ya nyumba yake yaliporuka, alikimbilia nyumba ya dhoruba ya shemeji yake, akabisha.

Nyumba ya dhoruba ni ya chini, paa lake la nyasi limefika ardhini, na mlango wake ni ubao mmoja unaofungwa kwa kamba kwa ndani. Humo hapawashwi moto wala taa. Mwenye nyumba huita majina gizani, kila mtu huitika "nipo," kisha kamba hufungwa na haifunguliwi mpaka upepo utulie, kwa maana upepo ukishaingia hulibeba paa na watu wake. Siku ile Kaltonga hakuita jina la Leimara. Leimara alipobisha, Kaltonga aliishika kamba kwa mikono miwili akasema, "Ni tawi tu." Leipakoa alisikia, akainama. Leisavi alikuwa na miaka kumi na minne. Naye alisikia, naye alinyamaza. Leimara akaenda kujificha shimoni, na mvua ikalijaza shimo. Mwaka uliofuata Kaltonga alilima shamba lote.

Kisiwani watu husema kwamba aliyefungiwa nje na ndugu zake hageuki mavumbi. Hugeuka jini la upepo, na hana haraka.

Saa nane mchana mbingu zilikuwa nyeusi. Tahadhari ikawa nyekundu. Minazi ililala ubavu, bahari ikawa inanguruma hadi kwenye meno ya mtu, nao wakakimbia kuinama mlangoni mwa nyumba ya dhoruba.

"Dumu la maji!" Leipakoa alipiga kelele. "Nimeliacha jikoni!"

"Achana nalo!" Kaltonga akajibu, lakini upepo ulikula maneno yote, na ndani kulikuwa giza la kutoona hata mkono wako mwenyewe.

Akavuta ubao. Akaita.

"Leipakoa!"

"Nipo."

"Leisavi!"

"Nipo, Baba."

"Nami nipo." Akafunga kamba, mafundo mawili.

Walikaa. Paa lilipumua, likashuka, likapumua tena. Harufu ya shelisheli lililochachuka ikaanza taratibu, kama mtu aliyefunua shimo kidogo, kisha ikajaa mpaka ikawa chungu kwenye koo.

Mlango ukagongwa.

"Baba Leisavi! Fungua! Dumu limeniponda kidole! Fungua bwana, nakufa!"

Leisavi aligeukia ubao. Ilikuwa sauti ya mama yake, huko nje.

"Nyamaza," Kaltonga alinong'ona. "Ndiye yeye. Anaigiza. Mama yako yuko humu, ameitika."

"Nipo," ikasema sauti ya Leipakoa, karibu kabisa na sikio la Leisavi. "Usifungue, mume wangu. Kamba ikifungwa haifunguliwi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Tangu azaliwe Leisavi hakuwahi kumsikia mama yake akisema "mume wangu". Alinyoosha mkono polepole gizani, akaugusa mkono uliokuwa pembeni yake, na ule mkono ulikuwa baridi na laini na umelowa, na alipoubonyeza vidole vyake vilizama ndani kama vinavyozama kwenye shelisheli lililooza shimoni, vikaendelea kuzama bila kukuta mfupa, na huko nje mama yake aliendelea kupiga ubao na kulia na kulitaja jina lake, na kila pigo lilikuwa dogo kuliko lililotangulia.

"Baba, aliye nje ndiye Mama."

"Kaa chini!"

"Nimemgusa huyu! Hana mifupa!"

"Nikifungua tunakufa sote, mwanangu!" Kaltonga alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili, analia. "Ni tawi. Sema ni tawi."

"Mwaka ule nilinyamaza, Baba. Leo sinyamazi."

Alipapasa, akalipata panga, akakata kamba.

Upepo uliingia kama ng'ombe. Paa liliinuka shibri moja, mwanga wa kijivu ukapenya, na Leipakoa akaanguka ndani kwa magoti, damu usoni, mzima. Pale alipokuwa amekaa yule mwingine, mwanamke aliyevimba alikuwa anainuka, maji yakimtoka mdomoni, naye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekaribishwa chai.

"Shemeji," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Humu mmebanana. Twende nje."

Akamshika Kaltonga kifundo cha mkono. Kaltonga alishika nguzo, akashika nyasi, akashika mguu wa mkewe, na kimoja kimoja vilimtoka. Walitoka wote wawili, na paa likashuka mahali pake. Leisavi na mama yake waliegemeza migongo kwenye ubao, wakaita jina la Kaltonga mpaka sauti zikawakauka. Hakuna aliyebisha.

Upepo ulipotulia walimkuta ukingoni mwa shimo, amekaa, hana hata mkwaruzo.

Lakini haingii nyumbani. Hufika mlangoni, husimama, hukunja ngumi, hubisha hewani, na mlio unaosikika ni wa ubao. "Mama Leisavi, nifungulie." Kanisani ni hivyo hivyo. Hata kwenye kibanda cha nguruwe. Mganga wa kijiji cha pili alimvukizia majani siku tatu, akala kuku wao wawili, kisha akasema, "Ndani yake sioni jini. Naona mlango," akaenda zake.

Februari redio ikataja tena miraba. Njano, bluu, nyekundu. Leisavi na mama yake walikuwa tayari ndani, ubao wameuondoa kabisa, uwazi unatazama nje, na Kaltonga alikuwa kwenye mvua, amepiga magoti hatua moja tu kutoka kwao, akibisha, vidole vinavuja damu.

"Pako wazi, Baba Leisavi! Ingia tu, jamani!"

"Nawasikia mnavyopumua," alilia. "Kwa nini hamfungui?"

Leisavi alitambaa hadi kizingitini akanyoosha mkono amshike shati amvute. Vidole vyake vikagonga ubao uliolowa, usioonekana, palepale katikati ya uwazi. Aliupapasa kutoka juu hadi chini, kulia hadi kushoto, panga mkononi, akitafuta kamba aikate, na baba yake alikuwa anamtazama usoni bila kumwona.

Hapakuwa na kamba.