Bidon ya Nani?

Siku ya kwanza maji hayakupungua. Ni hivyo tu.

Tangu asubuhi Pulchérie alikuwa amemupa mutoto wake Tania vikombe vitano kutoka kwenye bidon ile ya njano, dumu la maji la nyumba. Saa sita ya muchana akainama kumimina cha sita, akakuta maji yamefika shingoni, palepale yalipokuwa jana. Akamugeukia mama mukwe wake, aliyekuwa mulangoni akichambua majani ya sombe.

“Koko, ni weye ulienda kuteka?”

“Na muguu gani? Huu wenye kuvimba ao ule wenye kufa?” Koko hakuinua macho. “Usiniulize maneno ya kijinga na jua yote hii.”

Waliacha neno pale, maana mutoto alikuwa anaita tena, na kila alipoita ilibidi kukimbia na beseni. Tania alikuwa na miaka tisa. Alikuwa anaharisha maji meupe kama ya kuosha muchele, na kila mutu wa muji wa Baraka anajua jina la ugonjwa huo, hata kama hapendi kulitamka ndani ya nyumba yake.

Na kila mutu anajua matente yenye kunuka klore, dawa ya kuua vidudu, kule mwisho wa muji, pahali wanatunza wenye ugonjwa huo. Lakini nyumba ile ilikuwa na neno na matente. Wakati wa mvua iliyopita walimupeleka kule Déogratias, bwana wa Pulchérie, mutoto wa pekee wa Koko. Alirudi ndani ya mufuko uliofungwa, umepulizwa dawa, umebebwa na watu wenye kufunika nyuso. Koko aliomba wafungue sura tu, sura peke yake, aipanguse na kitambaa. Wakasema hapana, mama, rudi nyuma. Akazika mufuko. Mpaka leo hajui kama alizika mutoto wake ao mutoto wa mutu mwingine.

Kwa hiyo, siku moja kabla ya maji kukataa kupungua, jirani yao Vanessa alipoleta mudomo wake, alikuta masikio yamekwisha kufunguka.

“Kule kwa klore banamaliza batu,” Vanessa akasema. Huyu Vanessa ni mutu wa kujua yote. Bidon yake mwenyewe iliibiwa kwenye mustari wa robinet, bomba la watu wote, wakati alikuwa anafundisha wengine namna ya kulinda za kwao. “Muende kwa Anatole. Iko analeta maji safi toka Ubwari, pahali mukono ya mutu haijaingia. Anaponya na maji tu. Hapana sindano, hapana mufuko.”

Anatole aliishi karibu na ziwa, katika nyumba ya mabati yenye baridi hata jua likiwa kichwani. Ngozi yake ilikuwa inang'aa kama ya mutu aliyetoka kuoga sasa hivi. Hapokei sufuria, hapokei ndoo. Anataka bidon tu. Na Baraka bidon yote ina jina. Ukiiweka kwenye mustari wa robinet bila jina, umeigawa. Ile ya Pulchérie iliandikwa ubavuni na rangi nyekundu: TANIA, maana Tania ndiye aliyekuwa anaenda kuteka.

Pulchérie alipoifikisha, Anatole akaweka kiganja juu yake, akauliza vilevile kama watu wa robinet wanavyouliza kila asubuhi ya Mungu:

“Bidon ya nani?”

Pulchérie akajibu bila kufikiri, kama vile mutu yeyote angejibu.

“Ya Tania.”

Anatole akainama, akasogeza midomo kwenye tundu la bidon, akarudia mule ndani polepole: “Ya Tania.” Kisha akamimina. Akatoa masharti yake: wasitie klore, wasimupe mutoto dawa ingine, na wasifunge kifuniko hata kidogo.

“Muiache ipumue,” akasema.

Mutu anakuambia maji yapumue, na weye unajitwika, unasema aksanti, unaenda! Lakini Pulchérie alikuwa na mufuko ule mbele ya macho yake, na mwenye kuona mufuko haoni kitu kingine.

Siku ya pili Koko akapima. Alichukua kipande cha makaa, akachora mustari mweusi pale maji yalipofika, akaketi kuangalia. Tania akaharisha, maji yakapanda juu ya mustari, upana wa kidole. Tania akatapika, yakapanda kidole kingine. Koko akabeba bidon mpaka nje, akamwaga vikombe viwili chini, na kabla udongo haujanywa, Pulchérie akalia ndani ya nyumba: “Koko, leta beseni, leta beseni tena!” Aliporudi nayo ndani, bidon ilikuwa imejaa.

Akatia kidole, akaonja. Maji ya ziwa letu si ya chumvi. Yale yalikuwa na chumvi, chumvi ya machozi na ya jasho, na yalikuwa vuguvugu kama kitu kilichotoka ndani ya mutu.

Akachukua kifuniko, akafunga kwa nguvu. Kwenye mukeka Tania akafungua kinywa, akapiga miguu, macho yakageuka meupe, hakuna pumzi iliyoingia wala kutoka. Koko akafungua. Mutoto akavuta hewa kwa sauti ndefu, na bidon ikavuta pamoja naye, sauti moja.

Pulchérie alikuwa amesimama na beseni mukononi. Akanong'ona, “Koko... uliona?”

“Nyamaza. Inasikia.”

Mwili wa mutoto ulikuwa unakauka wanamuona. Vidole vyake vilikunjamana kama vya mufuaji nguo. Ukibana ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama, hairudi. Sauti ikatoka kwake, ikabaki ufito mudogo wa sauti. Na nyumba yote ikaanza kunuka matope ya chini ya ziwa, na nywele zilizolowa muda murefu.

Siku ya tatu, saa sita kamili, saa ile bugali iko motoni kwa kila nyumba na jirani zako wote wanasikika, sauti za nje zikakatika zote mara moja, kinu cha jirani, redio, jogoo, pikipiki za barabarani, kama vile mutu ameweka kiganja juu ya Baraka nzima, na ndani ya kimya kile Koko na Pulchérie wakasikia kumeza, glu, glu, glu, taratibu, koo la mutu mwenye kiu ya zamani asiye na haraka, na kumeza kulipoisha, kitu kikauliza toka ndani ya bidon, kwa adabu kabisa, kama mutu wa robinet:

“Bidon ya nani?”

Tania, ambaye tangu asubuhi hakuwa na nguvu ya kuita hata mama yake, akajibu akiwa amefumba macho.

“Yangu.”

Na maji yakapanda.

Koko akachukua kitenge, akainama. “Muweke mugongoni kwangu.”

“Unamupeleka wapi?”

“Kwa klore.”

“Kule?” Pulchérie akashika mulango kwa mikono yote miwili. “Kule balifungia Déo ndani ya mufuko? Koko, ni weye uliapa! Ulisema bora ufie hapa!”

“Nilisema. Na sasa minasema ingine.” Koko akafunga kitenge kifuani. “Sikia. Déo tulimupeleka siku ya ine. Siku ya kwanza tulimupa mizizi, siku ya pili maombi, siku ya tatu mizizi tena. Tuliwapelekea maiti, na bakaturudishia maiti. Sura yake balininyima, hiyo ni deni yao, nitawadai mpaka siku nitakufa. Lakini huyu iko anapumua. Toka mulangoni, binti, ao nitakupitia juu.”

Wakaenda, mumoja na muguu wake wenye kuvimba, mwingine akilia bila sauti.

Pale matente walipulizwa klore miguuni na mikononi. Mwanamuke mumoja mwenye kufunika uso akanyosha mikono kumupokea mutoto. Koko akarudi nyuma.

“Ondoa kitu hicho kwanza. Niangalie sura yenye kunibebea mutoto.”

Mwanamuke akashusha kitambaa chake. Alikuwa kijana, amechoka, ana kovu dogo juu ya mudomo.

“Miye Arlette, Koko. Mutoto wa Bonaventure, wa Lubondja. Nipe, tafazali. Anakauka.”

Koko akamupa.

Wakatia sindano mukononi, wakatundika mufuko wa serumu juu ya mutoto. Mufuko wa kwanza ukaingia, wa pili, wa tatu. Mutoto mwenye kukauka, ukimutia serumu, anarudi kama jani la mboga majini. Watu wote wanajua hilo, hata wenye kuchukia matente. Tania hakurudi. Mufuko wa ine. Wa tano. Macho yakazidi kuzama. Arlette akapima mishipa ya mukono, akaangalia chini ya kitanda, ndoo ilikuwa kavu. Akamuvuta Koko pembeni, akanong'ona, na woga wake ulikuwa wa kweli:

“Koko, haharishi tena. Hatapiki. Serumu yote hii minatia... maji inaenda wapi?”

“Kwetu,” Koko akajibu. “Usiache kutundika. Hata kidogo.” Akamuacha Pulchérie ameshika muguu wa mutoto, akarudi nyumbani peke yake.

Jua lilikuwa bado juu. Alisikia nyumba kabla ya kuiona, kumwagika kudogo kusikokoma, na alipofungua mulango maji yalikuwa yametoka kwenye tundu la bidon na kushuka ubavuni juu ya herufi nyekundu na kutambaa sakafuni, si kwa kufuata muteremuko kama maji ya watu, bali kwa kupanda, kuelekea mulango wenye kutazama upande wa matente, na pembeni mwa maji, juu ya udongo mukavu, kulikuwa na nyayo za miguu iliyolowa, kubwa, za mutu mwenye kutembea huku na huku akingoja.

Koko akachukua kisu cha sombe, akapiga magoti ndani ya maji yale vuguvugu, akaanza kukwangua. Ile T ikatoka. A ikatoka. Alikwangua mpaka vidole vikatoka damu, na plastiki ikabaki tupu, nyeupe-nyeupe. Maji yakasimama.

“Bidon ya nani?”

“Ya hakuna mutu,” Koko akasema.

“Ya Tania,” ikajibu, na maji yakaanza kutembea tena.

Akaelewa. Lazima iwe ya mutu. Akafungua kinywa aseme yangu; mwanamuke muzee, muguu mubaya, angekosekana kwa nani? Na kitu kile kikajua, maana sauti ikabadilika, ikawa ile aliyoisikia kila siku miaka makumi matatu, pamoja na ule ukwaruzo wake wa kuvuta tumbako.

“Mama. Ni miye Déo. Sema tu ni yako. Utaona sura yangu, mama. Utaipangusa.”

Koko akakaa hivyo, kinywa wazi, mikono ndani ya maji. Neno lilikuwa juu ya ulimi. Alikuwa anaitaka sura ile kuliko pumzi. Kisha akafunga kinywa, akapangusa pua na kiganja.

“Déo,” akasema, “tangu alipoota meno hajaniita mama. Alikuwa ananiita Mukali. Weye ni kitu cha uongo, na unanuka.”

Bidon ikavimba pande zote, plastiki ikalia. Ikauliza mara ya tatu, bila adabu tena, sauti ikajaa nyumba mpaka sufuria zikatikisika:

“BIDON YA NANI?”

“Ya Anatole,” Koko akasema. “Mwenye kukuleta. Rudi kwa mwenyewe.”

Ikameza mara moja, kumeza kurefu. Maji yote sakafuni yakarudi nyuma, yakapanda ubavuni, yakaingia tunduni. Nje kinu cha jirani kikapiga. Koko akafumba macho ili kupumua, na alipoyafumbua bidon haikuwa pale. Kulikuwa tu na alama ya kitako chake, kavu, na nyayo zilizolowa zenye kutoka mulangoni kuelekea ziwa.

Kule matente, mufuko wa saba ulikuwa haujafika nusu Tania alipofungua macho na kuuliza kama kuna bugali.

Anatole alikutwa amekufa kesho yake. Waliomukuta wanasema alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amekauka kama samaki ya ndagala iliyoanikwa, mwepesi hata mutu mumoja alitosha kumubeba. Bidon haikuonekana mule. Pulchérie alilia kidogo, ndivyo alivyo. Koko hakulia wala hakujisifu. Aliuliza tu kama mama wa Anatole alionyeshwa sura, wakasema ndiyo, akasema vizuri.

Wiki iliyofuata alisimama kwenye robinet na bidon mupya, jina limeandikwa kubwa. Bamama walikuwa wengi, mustari murefu, kelele kama kawaida. Vanessa alikuwa mbele kabisa na sufuria yake, anaeleza namna yeye alivyojua tangu mwanzo kwamba Anatole ni mutu mubaya.

Ndipo Koko akaiona. Katikati ya mustari, ya njano, ubavu umekwanguliwa, na imejaa mpaka shingoni kabla zamu yake haijafika. Hakuna aliyesimama nyuma yake. Udongo pembeni ulikuwa umelowa.

“Bidon hii ya nani?”

Koko akaacha yake ianguke, akavuta pumzi apige kelele kwa nguvu zake zote, lakini bidon isiyo na jina, nzuri, isiyopasuka, haingoji pale Baraka, na mutu aliyeibiwa ya kwake ana mudomo mwepesi.

“Yangu!” Vanessa akaita, akikimbia. “Ni yangu, musiiguse!”

Mama mwenye kulinda robinet akafunga maji, akamuangalia, kisha akaangalia mustari wote.

“Vanessa,” akasema, “unamujibu nani? Hapana mutu aliuliza kitu.”