Radhi ya Bi Mwajabu

Pachaunde alimgeuza Bi Mwajabu ubavu wa kulia, akampaka mafuta ya nazi mgongoni huku akimwimbia taratibu. Pachaunde huyo alikuwa mashine, pacha wa kuundwa, yenye sura, sauti, na hata kikohozi cha Mwanakombo, binti wa pekee wa bibi huyo. Nyuzi nyembamba ziliipasha moto ngozi yake, na akili unde iliyokuwa kifuani ilijifunza mwili wa mgonjwa siku hadi siku. Bi Mwajabu, aliyepofushwa na kisukari, aliusikia mkono wenye joto akaamini ni wa mwanawe.

Mwanakombo mwenyewe alikuwa Dodoma, akifanya mazoezi ya taarabu ya kwanza kuimbwa kutoka kituo cha anga. Alijiambia ni mwezi mmoja tu. Ikawa saba. Watu wa aina yake hawakosi sababu.

Kila adhuhuri pachaunde alimtumia taarifa. Ya Alhamisi ilisema: "Dawa amekunywa. Uji ameacha nusu. Saa tatu asubuhi ameniwekea mkono kichwani, akasema ameniwia radhi kwa yote. Nimemjibu ahsante."

Mwanakombo aliisoma mara mbili. Mama yake aliutoa mkono wa radhi mara moja katika maisha yake, na ukatua kwenye kichwa cha plastiki. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Naenda nyumbani," alimwambia Mzee Kibwana, kiongozi wa kikundi.

"Chombo kinaruka kesho asubuhi, mwanangu. Ukikosa, anaimba mwingine."

"Aimbe."

Treni ya sumaku ilimfikisha Pangani alasiri ile ile. Alimzima pachaunde, akamfungia stoo, kisha akaingia chumbani. Mikono yake ilikuwa bado baridi kwa kiyoyozi cha treni. Akamgeuza mama ubavu wa kushoto, na mama akapiga kelele, kwani upande ule ulikuwa na kidonda. Akampa uji kabla ya dawa. Hilo nalo lilikuwa kosa.

"Wewe siye," mama alisema. "Mwanangu yuko wapi?"

"Ni mimi, mama. Mwanakombo."

"Nyie mashine sauti mnaiga tu. Hata kwenye matanga ya mdogo wangu Bi Fatu waliniletea mashine inipe pole. Mwanangu hanigeuzi hivi."

Mwanakombo alipiga magoti, akainamisha kichwa karibu na mkono wa mama. "Niwie radhi, mama. Nakuomba."

Bi Mwajabu akauvuta mkono wake.

"Radhi ya nini, na wewe mashine? Radhi nimempa mwanangu. Miezi saba hajabanduka hapa, ameacha na kuimba kwake kwa ajili yangu."

Angeweza kusema ukweli. Lakini akiusema, mama atajua kwamba aliyemkanda, aliyemlisha, aliyemwimbia, hakuwa mtu, na kwamba mwanawe alikuwa Dodoma akiimba. Mwanakombo alijionea haya kiasi cha kushindwa kujitetea.

"Samahani, bibi," alisema, akiilainisha sauti kama mashine. "Binti yako ametoka kidogo. Nimwite?"

"Mwite. Na wewe usirudi tena, mikono yako baridi."

Mwanakombo akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka, akaenda stoo kumwasha pachaunde.